Zuleha na Maji ya Kuoshea Kompyuta

Mwaka ule mvua ilinyesha Ipagala, ikanyesha Mkonze, na ikapita juu ya Kikuyu kana kwamba mtaa wetu ulikuwa umeikosea. Wakulima walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini sikumwona mtu aliyeyatazama mawingu kwa uchu kama Zuleha binti Abdulkadiri, ambaye hakuwa na shamba, wala bustani, wala hata tuta moja la mchicha. Yeye aliitaka mvua ili aoshe kompyuta.

Zuleha alikuwa jirani yangu. Aliajiriwa kuingiza takwimu katika shirika moja la umma tangu zama ambazo kompyuta haikuingia nchini ila kwa kibali maalumu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kipoza hewa wakati mkurugenzi mwenyewe alijipepea kwa gazeti. Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, shirika likavunjwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na mali ikapigwa mnada. Wenzake walinunua viti na makabati. Yeye alinunua zile mashine ambazo hata dalali aliona haya kuzitangaza. Tangu hapo kila ofisi iliyoleta kompyuta mpya ilimwona Zuleha mlangoni, akiuliza kwa adabu zile za zamani zimekwenda wapi. Alizirundika katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yao, chenye mlango unaofungukia barabarani. Watu wa mtaa walikiita makaburi ya televisheni.

Chumba hicho marehemu alikuwa amempa mdogo wake Zuleha, Nasri. Siku moja, mwanzoni mwa Shaabani, Nasri aliniita niwe shahidi wa maneno yao.

"Dada, mimi sikufukuzi," alianza Nasri. "Lakini Mwalimu hapa anajua chumba ni cha nani. Nimepata mpangaji, bwana wa viatu vya mitumba. Anataka kuanza Ramadhani ikiingia, watu wanunue vya Idi."

"Na mashine zangu?"

"Mnunuzi wa vyuma chakavu atazichukua zote kwa mkupuo."

"Hivi si vyuma chakavu."

"Basi nifundishe. Kompyuta isiyowaka inaitwaje?"

Zuleha alikuwa amesimama. Sikumbuki kumwona ameketi mwaka ule. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaifuta mashine moja kwa upindo wa kanga yake.

"Nipe mpaka mwezi uandame," alisema. "Ikiwaka moja tu, chumba ni changu. Isipowaka, mwite mtu wako wa vyuma."

"Kuwaka vipi? Hata kibatari kinawaka."

"Iwake, iniulize, niijibu. Mwalimu, umesikia?"

Nilisikia. Nasri naye alikubali, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba wa watoto wengi tu.

Mashine aliyoichagua Zuleha ni ile aliyoitumia yeye mwenyewe shirikani. Ndani yake mlikuwa na betri ndogo, na katika miaka ya kukaa bila kazi betri hiyo ilikuwa imevuja. Ukungu wa kijani ulikuwa umetambaa juu ya bodi, yaani ule ubao mwembamba uliobeba nyaya na vipande vyote vya mashine, na ulikuwa ukizila nyaya polepole. Dawa ya ukungu huo aliijua: ni maji ya ndimu. Shida ilikuwa baada ya ndimu. Ndimu isiposuuzwa, nayo huanza kula, na maji ya kuisuuzia hayakuwapo Dodoma.

Msomaji aliyewahi kuchemsha chai mjini kwetu anaijua ile gaga nyeupe inayoganda ndani ya birika. Maji yetu ya bomba yana chumvi. Zuleha alikwisha kuosha bodi nyingine kwa maji hayo. Mashine iliwaka kwa muda wa kupiga chafya, ikazimika moja kwa moja. Kisha alinunua maji safi ya kuongezea katika betri za magari. Alidondosha tone moja juu ya kipande cha kioo, akalikausha kwa joto la jiko, na likaacha pete nyeupe. Muuzaji alikuwa amejaza chupa bombani. Tangu siku hiyo hakuamini chupa ya mtu yeyote. Aliliamini tone na kile kioo tu, ambacho alikifunga katika pindo la kanga kama wengine wanavyofunga fedha.

Kwa hiyo akabaki anaisubiri mvua. Ndimu zilikauka rafuni akanunua nyingine, nazo zikakauka. Akisikia ngurumo huacha sufuria jikoni. Alasiri moja watu walisema Ipagala kunanyesha. Zuleha alichukua dumu, akadandia lori la mchanga, akafika wakati ardhi inatoa harufu ya mvua na mvua yenyewe imekwisha. Mama mmoja, Paskazia, alimwonea huruma, akampa maji yaliyotiririka kutoka bati lake. Tone lilipokauka liliacha alama nyekundu kama hina, kwa vumbi la miezi yote ya kiangazi. Alirudi kwa miguu, dumu tupu likimgonga gotini.

Aliyemkuta barazani ni Methusela, Mgogo wa Mkonze aliyetuletea mkaa kwa baiskeli. Babu yake Zuleha aliingia Ugogo na misafara kutoka Unyamwezi, na tangu siku za misafara hiyo Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mtani hana adabu kwa mtani wake, wala hatakiwi kuwa nayo. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kitu chako, nawe ukachukia huku unacheka.

"Shikamoo, Mwalimu," alinisalimu kwanza. Kisha akamgeukia Zuleha. "Na wewe Mnyamwezi, naambiwa siku hizi unawinda mvua kwa lori. Umeipiga ya wapi?"

"Toka hapa na mkaa wako wa maji."

"Mkaa wangu una maji? Basi kanywe, si ndiyo unayatafuta? Niambie kweli, umepanda nini wewe? Televisheni?"

"Kompyuta."

"Haya. Zikiota uniite nije kuvuna, maana nyinyi jembe mnalijua kwa picha tu." Akashusha gunia, akalitazama lile dumu tupu, na sauti yake ikashuka. "Kwetu jana ilinyesha kidogo. Tembe yangu ina paa la udongo, haina bati, lakini ningekukingia hata kwa sufuria. Kwa nini hukusema?"

"Nilijua itakuja huku," alijibu Zuleha, akageuka tena kutazama kusini.

Haikuja. Shaabani ikasogea mpaka siku yake ya ishirini na tisa, ambayo jioni yake mwezi hutafutwa. Mchana wa siku hiyo Nasri alialika watu kula vunja jungu, ile karamu ya kuiaga Shaabani. Wazee tulitandikiwa mikeka uani chini ya turubai, tukala duru ya kwanza. Masinia ya duru ya pili yalikuwa safi, yamepangwa mlangoni pa jiko, na Anifa, mkewe Nasri, alikuwa ameshika upawa tayari kupakua pilau. Methusela alikuwa ameleta mkaa wa karamu, naye akazuiwa asiondoke bila kula. Zuleha hakula. Alikuwa akizunguka ua, akiingia chumbani na kutoka.

Wingu lilitokea upande wa Mkonze bila ngurumo hata moja. Matone ya kwanza yalipopiga turubai, Zuleha alitoka mbio na beseni lake, akasimama katikati ya ua, akalitazama beseni, akatutazama sisi. Mvua za namna hiyo kwetu huwa fupi. Beseni moja lingekinga maji ya kunawia mikono tu.

"Anifa, nipe masinia."

"Wifi! Watu hawajala!"

"Nitayarudisha sasa hivi."

"Dada," Nasri alisema kwa sauti ya chini, "usinitie aibu mbele ya wageni."

Hapo Zuleha alisita. Angeweza kugombana na mdogo wake peke yake, lakini kuwanyang'anya wageni sahani zao ni jambo lisilofanyika katika nyumba ya Mwislamu. Mikono yake ilibaki imeinuliwa nusu, na mvua ikiilowesha bure. Ndipo Methusela akanyanyuka kwenye mkeka, akapita mbele ya wazee bila kuomba radhi, akayabeba masinia yote kifuani.

"Wewe Methusela! Weka chini!" Nasri alipiga kelele.

"Si ndiyo naenda kuyaweka chini?" Akaanza kuyatandaza uani, moja baada ya jingine. "Wanyamwezi mtakula kwenye viganja leo. Babu zenu walikula hivyo kutoka Tabora mpaka hapa, na mizigo kichwani, na hakuna aliyedai sinia!"

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Nasri alitaka kukasirika, akashindwa. Kwa mtani utaanzia wapi? Ua wote uling'aa alumini, na mvua ikapiga ngoma juu yake.

Masinia yalipoanza kujaa, Zuleha aliinama, akalishika la kwanza, akalimwaga.

Kicheko kilikatika. Alimwaga la pili, na la tatu.

"Anamwaga!" mzee mmoja alisema, kama anayetangaza msiba.

"Dada! Watu wanaswali kuiomba hii!"

"Hayo yameosha sinia," alijibu bila kuinua kichwa. "Masinia yalioshwa kwa maji ya bomba."

Akayaacha yajae tena. Alidondosha tone la maji hayo juu ya kioo, akakimbilia jiko, akakishikilia juu ya mkaa. Pete ilikuwa hafifu, lakini ilikuwapo. Nilimwona akilitazama wingu, ambalo kingo zake zilikwisha kuwa nyeupe, kisha akiyatazama yale maji yaliyokuwa safi machoni petu sote. Akayamwaga yote. Methusela alishika kichwa, na safari hii hakuwa na mzaha wowote.

Mvua ilikuwa imepungua, matone yakihesabika. Zuleha alitembea kati ya masinia akiwa peku, akienda na kurudi, kanga imemganda mabegani. Maji yalipotosha kufunika chini tu, alichukua tone la mwisho, akalipeleka motoni. Lilikauka. Alikigeuza kioo kwenye mwanga, akakigeuza tena, akanipa.

"Mwalimu, macho yangu siyaamini. Unaona kitu?"

"Sioni kitu," nikamwambia.

Maji yote yaliyokusanywa yaliingia ndoo moja aliyokuwa ameisuuza kwa mvua hiyo hiyo, nayo haikujaa. Zuleha alijifungia chumbani na ndimu zake.

Jioni watu walikwenda kuutafuta mwezi, lakini mawingu yalikuwa yametanda mpaka upeo wa macho. Tulikaa na redio barazani. Baada ya sala ya isha ikatangazwa kwamba mwezi haukuonekana popote, hivyo Shaabani itatimiza thelathini. Waliokwisha kula vunja jungu lao wakacheka kwamba watalazimika kulila tena. Nasri aligonga mlango wa dada yake.

"Mwezi haukuonekana. Una siku moja."

"Kwa nini haukuonekana?"

"Mawingu." Akageuka kuondoka. "Hayo hayo mawingu yako."

Kesho yake jua lilitoka kali kana kwamba halijasikia habari za mvua. Zuleha aliianika bodi chini ya chandarua, akawa anaigeuza na kumfukuza kila kuku aliyepita karibu. Ilipokauka alianza kulehemu. Pale ambapo ukungu ulikuwa umekata waya, alitia uzi wa shaba mwembamba kama unywele. Alikuwa akilehemu, anasimama, anakwenda dirishani kutazama jua limefika wapi, anarudi. Alasiri ilipoanza kuelekea magharibi, mashine ilikuwa imefungwa. Nasri aliingia, nami nikaingia, na Anifa akasimama mlangoni. Methusela alikuwa amekuja na mkaa ambao hakuna aliyeuagiza.

Zuleha alitia disketi, akabonyeza swichi.

Feni ilikohoa vumbi, ikaanza kuzunguka. Kioo cha mashine kilibaki cheusi kwa muda uliomtosha Nasri kuvuta pumzi ya kusema neno. Kisha mashine ikalia mlio mmoja mfupi, na maandishi ya kijani yakapanda kutoka chini ya kioo, mstari baada ya mstari, yakasimama. Kialama kidogo kikabaki kinapepesa mwishoni.

"Mbona imesimama? Imekufa tena?" Nasri aliuliza.

"Inasubiri. Imeuliza tarehe."

"Haijui leo ni lini?"

"Betri iliyokuwa inaihesabia siku nimeitoa. Haijui hata mwaka."

Nasri aliinama, akasogeza uso karibu na kioo, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Basi iambie kesho ni Ramadhani mosi."

"Hesabu hiyo haiijui," alijibu Zuleha, akaiandikia tarehe ya Kizungu kwa vidole vyote kumi, bila kutazama herufi. Mashine ikaikubali, ikauliza saa. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Aliijaza saa hiyo.

Nasri alisubiri mwadhini amalize. Kisha akautoa ufunguo wa chumba katika mfuko wa kanzu, akauweka juu ya mashine.

"Imekuuliza, umeijibu. Lakini yule bwana wa viatu utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Na ile duru ya pili jana walikula kwenye sufuria. Hilo nalo utaniombea radhi."

Anifa alikuwa amekwenda jikoni, akarudi na vikombe vya chai. Ilikuwa chai nyepesi, nzuri, isiyo na ule utandu unaoelea juu ya chai ya mji wetu. Methusela alikunywa cha kwanza, akaomba cha pili. Zuleha naye alipokea kikombe akiwa amesimama, akanywa mafunda mawili, akaacha.

"Anifa. Yale maji yaliyobaki kwenye ndoo yako wapi?"

"Si haya, wifi? Nilidhani umemaliza nayo."

Zuleha alikitazama kikombe, kisha akazitazama mashine nyingine zilizopangwa ukutani, kila moja na ukungu wake. Nilidhani atafoka. Alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akampa Anifa kikombe, akatoka nje kutazama upande wa Mkonze.