Haandikwi Mtu Bila Kusomewa

Saa tatu asubuhi, dukani kwa Kumud, Mlandege, mjini Iringa. Wanafunzi sita wamejibana kati ya majora ya vitenge. Mmoja wao, Andendekisye, anasoma kwa sauti insha aliyoandika kuhusu familia ya mwenye duka.

"'Wahindi wa Iringa hawachanganyiki na wenyeji...'"

"Hebu ishia hapo hapo!" Kumud anamkatiza, mkasi mkononi. "Mimi nimezaliwa mtaa huu. Mwenyeji ni nani, mwanangu? Juzi msibani kwa jirani yetu Paskalina, nani alikuwa jikoni anamenya viazi? Si mimi?"

Andendekisye anainamisha kichwa. "Samahani, mama. Nimeitoa kitabuni."

"Haya, hicho kitabu ndicho kikupe chai leo."

Wenzake wanaangua kicheko. Pembeni, mwalimu wao Tusekile anatabasamu. Hii ndiyo sheria ya darasa lake la anthropolojia: hapokei insha mpaka aliyeandikwa asomewe, na makosa aliyoyaonyesha yarekebishwe.

Sheria hiyo sasa inataka kumpokonya kibarua. Kamati ya idara chuoni kwake imemwagiza aiache, la sivyo mkataba wake hautaongezwa. Eti muuza vitenge hawezi kusahihisha kazi ya chuo kikuu. Eti!

"Nani anamjua Kumud kuliko Kumud mwenyewe?" anauliza Tusekile, sauti ikipanda.

Mzaliwa huyu wa Ilomba, Mbeya, ana donge la siku nyingi. Akiwa mwanafunzi alifundishwa, kutoka kitabu cha mgeni aliyepita kwao Unyakyusa, kwamba mke humkwepa baba mkwe wake kwa woga. Likizo ilipofika akamsimulia mama yake.

"Mama alinuna. Akasema, 'Woga? Mbona na yeye mkwe alikuwa ananipisha njia? Tulikuwa tunaheshimiana! Huyo mtu alishindwa nini kuniuliza?'"

Kinachomchoma zaidi ni ripoti ya kamati inayolaumu darasa lake. Waliotia saini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kumsikiliza akifundisha, wala aliyemuuliza neno.

Ijumaa ameitwa mbele yao. Walimu wenzake wamemshauri aombe radhi, yaishe. Hataki hata kusikia.

"Nitawaambia wanisomee walichoniandika, kwa sauti, nikiwa nimekaa mbele yao. Palipo na uongo, nitawasimamisha."

Kumud ameshasema siku hiyo hafungui duka.

"Si na mimi nimetajwa humo?" anasema, akirudisha mkasi mezani. "Basi na mimi wanisomee."