Teete za Ukingo wa Hajati

Nilizing'oa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, tena nikipiga mluzi. Hajati, jirani yangu Mnubi, alikuwa amekwenda Bombo kwa dada yake siku nne, akaniachia ufunguo wa jiko lake kwa sababu anajua mimi sitoki nyumbani ila nyumba ikiungua. Nikaona nimfanyie hisani. Ukingoni mwa kilima, juu ya jiko lake, kulikuwa na mstari wa nyasi zilizosimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Magugu haya, nikasema. Kufika jioni nilikuwa nimezimaliza na kuzichoma, mgongo unauma, moyo umejaa sifa.

Hajati aliporudi, hata begi hakuliweka chini.

"Wewe! Nani amenyoa kilima changu?"

"Mimi, Hajati. Nimekusafishia."

"Umesafisha nini? Hiyo teete ndiyo ilikuwa inashika udongo. Mvua ikinyesha, udongo wote utalala ndani ya sufuria yangu!"

Na mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa ziwa. Nikashika jembe, nikateremka bondeni, nikarudi na gunia la nyasi laini, za kijani, nzuri kuliko zake. Akavuta mzizi mmoja: mweupe, mrefu, ncha kama sindano.

"Hii inatambaa. Leo iko hapa, kesho iko Bugolobi. Teete haitembei. Inakaa shina moja, inanenepa hapo hapo, miaka na miaka. Kama wewe."

Mama Mkongo wa nyumba ya tatu, anayesuka watu nywele barazani, alicheka mpaka kichana kikamdondoka.

Basi nitaijuaje? Hajati akanifundisha huku anapepeta mchele. Nisitafute penye maji, nitafute penye mawe na jua. Nitazame walipopita mbuzi: wamekula kila kitu, imebaki yenyewe. Jani refu, jembamba, kijani cha kufifia; ukilisugua vidoleni linanukia kama mchaichai uliokasirika.

"Na usije ukaichemshia chai," akaongeza, maana ananijua.

Nikakwea tuta la reli iliyo karibu. Kweli, mbuzi walikuwa wamenyoa kote kama kidevu cha askari, isipokuwa mashina sita yaliyojitenga, kila moja na kiwanja chake. Nikasugua jani, nikanusa. Nikasugua tena, kwa raha tu. Kuyang'oa sasa! Yaliniangusha matakoni mara mbili.

Mimi na Hajati tuliyapasua vipande ili yatoshe mstari mzima, tukayapanda ukingoni. Wiki ya pili mvua ikamwagika tangu alfajiri. Nikakaa mlangoni na blanketi langu, macho ukingoni, chai inapoa. Udongo ukatiririka, ukafika kwenye teete, ukasimama. Jiko kavu.

"Hajati!" nikaita kwa majivuno. "Si ulisema inafanana na mimi?"

Akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi.

"Mnafanana kukaa tu. Yenyewe inakaa, inafanya kazi."