Asali ya Shahidi

Mimi ni mwepesi wa mdomo, na Kasulu nzima inalijua hilo. Muuza nyanya akinipunja nitamwambia palepale mbele ya wateja wake, na aliyekuwa mume wangu alinipa talaka akisema alioa mke, hakuoa redio. Siku moja tu katika maisha yangu nilitakiwa niseme sentensi moja fupi, nikanyamaza. Aliyeumia kwa kunyamaza kwangu ni mzee Didas Niyubahwe wa Busunzu, na ndiyo maana naandika habari zake.

Baada ya talaka nilipata kazi kwa mjomba wangu Saady. Mjomba ana yadi ya magari yaliyotumika, pale unapotoka mjini kuelekea Manyovu. Magari anayatoa Dar es Salaam, anayaosha, anayapaka tairi rangi nyeusi, kisha anayapanga yakitazama barabara. Kazi yangu ilikuwa kuandika mikataba kwenye kompyuta, kuichapa, na kuchemsha chai ya tangawizi. Mjomba ni mtu wa Ujiji, mchangamfu, na Kiha amejifunza sokoni. Akimwona mteja amevaa koti zito la vijijini, alikuwa anatoka ofisini, anainama kidogo na kupiga makofi ya taratibu, "Mwakeye, mwakeye," kama Waha wanavyosalimiana asubuhi. Watu walikuwa wanalainika kabla hawajagusa hata mlango wa gari.

Mzee Didas alikuja asubuhi moja ya mwezi wa sita, maharage yakiwa yameshavunwa. Alikuwa mrefu, mkavu, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Lile bega nilikuja kulielewa baadaye. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia kutoka Busunzu hadi Kibondo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko. Baiskeli ya namna hiyo haipandwi. Mtu anaisukuma mlimani kifua kikiwa kimeegemea gunia, na anayekutana naye huona miguu tu na mzigo. Kwa baiskeli hiyo alisomesha watoto wanne na kujenga nyumba ya bati. Pembeni alifuga nyuki, na asali yake watu wa Kibondo walikuwa wanaiulizia kwa jina lake.

Halafu kifua kikaanza kumbana. Daktari alimwambia moyo wake umetanuka, aachane na mizigo kabisa, la sivyo mlima mmojawapo utamlaza. Mzee akaenda nyumbani, na siku ya nne akamwambia mkewe Esteria kwamba atauza ng'ombe wote na kale kashamba ka kahawa, anunue kirikuu, hivi vigari vidogo vya mizigo. Mzigo usipobebwa na yeye utabebwa na gari. Akaenda kujifunza udereva akiwa na miaka hamsini na sita, darasa moja na vijana waliokuwa wakimwita babu. Alipofika yadi kwetu alinionyesha leseni yake hata kabla hajakaa. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha kupigia kura.

Kulikuwa na kirikuu kimoja cheupe, kizuri kwa macho. Kwa macho tu. Siku mbili kabla nilimwona fundi wetu akikimiminia oili nzito kama uji, ile ya kuficha injini iliyochoka, kisha akisimama nyuma yake kuhakikisha moshi umekoma. Sikuuliza. Katika yadi ile mtu anajifunza upesi mambo ya kuuliza na mambo ya kuyapita kama hukuyaona.

"Injini hii ni nzima kama siku ilipotoka Japani," Mjomba alisema, mkono umetulia kifuani. "Mzee wangu, ikikusumbua ndani ya miezi sita, ilete hapa. Nakuwekea nyingine, hutoi hata shilingi."

"Miezi sita?" mzee aliuliza.

"Sita. Na binti huyu anasikia."

Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, namalizia mkataba. Nikauliza, "Mjomba, na hilo la injini niliandike?" Naomba nisijisafishe kwa swali hilo. Niliuliza mara moja tu.

Mjomba akacheka. "Asma, unataka kumtukana mzee wa watu? Makaratasi haya ni ya serikali. Hilo lingine ni la wanaume wawili wanaoheshimiana." Akamgeukia mzee. "Au huniamini, mzee wangu?"

Mzee Didas aliona haya. Aliinamisha macho kama mgeni aliyefumaniwa anachungulia chakula kabla ya kuonja. "Hapana, hapana, baba," alisema. "Neno limetosha."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akafungua mfuko wake, akatoa chupa ndogo ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, akaja mpaka mezani kwangu. "Nipe kijiko, binti." Nikampa kijiko cha chai. Akakimiminia asali, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi wa mzingani, akanipa kwa mikono miwili. Nikala. Ilikuwa tamu mno.

"Umesikia," alisema akinitazama usoni. "Na umeonja."

"Nimeonja, baba. Hii unauza?"

Akacheka sana, na mimi nikacheka. Nilidhani ni bakshishi. Basi akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya mstari wenye jina lake, akaridhika kwamba lipo, akatia sahihi. Chini ya kidole kile, mistari minne hivi, nilikuwa nimeandika kwa mikono yangu kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, na mnunuzi amelikagua na kuridhika nalo. Hakufika hapo. Akalitoa gari yadini polepole, taa ya kukata kona ikiwaka na kuzima mpaka alipopotea machoni.

Maana ya kile kijiko niliambiwa na Esteria, mzee akiwa hayupo tena. Katika ukoo wao, watu wakikubaliana jambo, yule anayelisikia hupewa kitu cha kutia mdomoni palepale. Mara nyingi huwa pombe ya ndizi, na isipokuwepo, asali. Akishaonja amefungwa. Hata ipite miaka kumi ataitwa, atasimama na kusema alichosikia, na wote watakubali yamekwisha. Mzee Didas aliuza ng'ombe hivyo, aliazima mashamba hivyo, aliozesha binti hivyo, na hakuwahi kugombana na mtu. Kwa hiyo alipotoka yadini hakuona kwamba ametoka mikono mitupu. Aliona amebeba kitu kinachozidi karatasi. Alikuwa amenibeba mimi.

Kirikuu kilifanya kazi wiki saba. Esteria alisema hizo wiki saba mumewe alikuwa mtu mwingine, anapiga mluzi bafuni, anapakia watoto wa jirani bure, anasimamisha gari kila akikutana na wasukuma baiskeli na kuwabebea gunia moja moja. Wiki ya nane, katikati ya mlima, na maharage ya watu nyuma, injini ikanoki. Fundi wa Kibondo aliifungua, akatikisa kichwa. "Mzee, hii ilishakufa zamani," alimwambia. "Wewe umeuziwa maiti iliyovalishwa suti."

Mzee akaja Kasulu, na oili ile nzito ameikinga kwenye chupa kama ushahidi. Siku hiyo Mjomba hakutoka nje kupiga makofi.

"Miezi sita, baba," mzee alisema kwa upole. "Hata miwili haijaisha."

"Imeandikwa wapi?" Mjomba aliuliza. Hakupandisha sauti. Aliniagiza nitoe faili, kisha akasema, "Msomee."

Nikasoma. Gari limeuzwa kama lilivyo. Nilisoma kwa sauti yangu hii inayosikika mpaka barabarani, na nilipomaliza, mzee hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alitabasamu. Aliona sasa ndipo zamu ya kweli imefika.

"Hiyo ni karatasi," alisema. "Lakini binti alikuwepo. Binti ameonja. Sema, binti."

Wote wawili wakanitazama. Niliwaza kodi ya chumba changu. Niliwaza mama yangu kule Ujiji na dawa zake za sukari, ambazo Mjomba ndiye alikuwa analipia. Niliwaza kwamba Mjomba ni kaka wa mama, na mtu hamwaibishi mjomba wake mbele ya mteja. Sababu zilikuwa nyingi, na hata sasa naweza kuzihesabu zote, na hakuna hata moja inayonipa usingizi. Nikaangalia vitufe vya kompyuta. Nikasikia birika la chai likichemka na kumwagika jikoni.

"Binti," mzee akarudia, taratibu zaidi, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Ngoja niangalie chai," nilisema, nikatoka.

Hicho ndicho nilichosema. Niliporudi alikuwa ameshasimama. Hakunitukana. Angenitukana ningemjibu, maana kujibu najua. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepatwa na jambo baya, akapiga makofi mawili madogo ya kuaga na kuondoka. Chupa ya oili ilibaki mezani kwangu mpaka jioni, nikaitupa.

Miezi ikapita. Niliendelea kuchapa mikataba, na neno lile "kama lilivyo" vidole viliandika vyenyewe. Nyumbani nikawa msemaji mara mbili ya zamani, nagombana na kila mtu kwa vitu vidogo. Mama aliniuliza kwenye simu kama nimepata bwana mwingine wa kunisumbua. Ningemweleza nini?

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, akaja mwanamke mfupi mwenye kitenge cha msiba, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mjomba alikuwa ameenda msikitini swala ya adhuhuri. Mwanamke alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda.

"Ni wewe ulikulaga asali?" aliuliza.

Nikasema ni mimi. Akaniambia anaitwa Esteria, mke wa Didas, na kwamba mumewe wamemzika siku kumi na mbili zilizopita. Alinieleza yote akiwa amesimama, amekataa kiti. Kirikuu kiko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mzee aliwatengea kuku wale nyasi mwenyewe, akasema angalau wao wamepata usafiri. Kisha akarudia baiskeli. Maharage ya watu yaliyoharibikia mlimani alitaka awalipe wenyewe yote, na hakuwa na njia nyingine. Alikuwa anasukuma mihogo ya jirani aliposikia kifua kinambana. Waliomkuta walisema baiskeli ilikuwa imesimama wima, na mzigo mzima mzima, kwa sababu aliweka kwanza fimbo ya kuiegemeza ndipo akalala chini.

Nililia. Esteria alingoja nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ipite ili aendelee na safari.

"Sitaki kesi," alisema. "Kesi ni ya wenye nguvu. Jumamosi tunaondoa matanga, ukoo utakaa. Kaka zake wanasema alikuwa mjinga. Wanasema ng'ombe za baba yao alizitupaga kwa sababu ya majivuno, alitaka kuitwa dereva. Na watoto wangu wanasikia. Mimi nimewaambia aliahidiwa, hawaamini. Wananiuliza, shahidi yuko wapi?"

Akanionyesha kalamu iliyokuwa mezani.

"Andika," alisema. "Vile aliambiwa. Yote. Sio na mashine, andika na mkono wako, watoto wajue ni mtu."

Nikachukua karatasi. Niliandika tarehe ile ya mwezi wa sita. Niliandika injini, miezi sita, bila kutoa hata shilingi, na jina la Mjomba kwa ukamilifu. Niliandika kwamba mimi Asmahani, jina langu kamili, nilisikia kwa masikio yangu, na kwamba mzee aliporudi kudai haki yake nilikwenda kuangalia chai. Niliandika kwamba Didas Niyubahwe hakuwa mjinga wala mwenye majivuno, aliwaamini watu wawili, na wote wawili tulimwangusha. Mwandiko unasomeka. Esteria aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma yote. Kwenye kipande cha chai alifumba macho.

"Tia sahihi."

Nikatia. Nilijua habari za karatasi ile zikirudi Kasulu sina kazi tena, na haikunishughulisha. Alikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Mimi nikabaki nimekaa, nalitazama kapu alilokuja nalo na kuliweka chini, nikingoja. Sijui kama nilistahili, lakini nilitamani mno anipe kitu niweke mdomoni, hata punje moja ya karanga, nifungwe upya, ijulikane kwamba safari hii nimesema.

Aliona macho yangu yako wapi. Akalichukua kapu, akalipachika mkononi.

"Sina kitu cha kukupa, mama," alisema. "Yeye alishakupa."