Wimbo wa Mfalme wa Chini ya Udongo

Ule wimbo wa Kifaransa kinyozi jirani yetu hapa mjini Baraka anaufungulia kila asubuhi, watu wakisubiri simu zao zipate moto kwenye chaja zake. Ukinifikia sikioni natema mate. Sisemi kwa mfano. Natema kweli, mtoto wangu mgongoni akinishangaa.

Wasichana wa kwaya ndio walioniomba niutafsiri. Nilisoma mjini Fizi mpaka nikapata diploma ya sekondari, na kanisani mimi ndiye ninayesimama kando ya mhubiri mgeni anayesema Kifaransa: yeye sentensi moja, mimi sentensi moja. Basi walikuja uani kwetu, mdogo wangu akiwa mbele na simu mkononi. Alikuwa mwaka wa tano wa sekondari.

"Yaya, dada yangu, huyu anaimba nini?"

Nilijua anaimba nini. Mwalimu wetu alitusimulia hadithi hiyo ya Wagiriki wa zamani. Binti anachuma maua, ardhi inapasuka, mfalme wa wafu anatoka, anamnyakua na kushuka naye. Mama yake, mungu wa mazao, anamtafuta dunia nzima, na kwa hasira anazuia mbegu zisiote. Wakubwa wa mbinguni wanaamua binti arudishwe, mradi hajala kitu kule chini. Alikuwa amekula. Punje sita za komamanga. Wakamgawa: miezi sita kwa mama, miezi sita kwa mfalme.

Wimbo unayageuza yote kuwa mapenzi. Mfalme ana upweke, binti anavikwa taji, tunda ni tamu. Ningeweza kuwaambia wasichana kwamba aliibiwa. Lakini walikuwa wamenitumbulia macho, nami nilipenda kutazamwa vile. Nikasema, "Mfalme alimuona, akamupenda, akamufanya malkia." Komamanga hawajaiona, nikaiita marakuja, yaani pasheni. Mmoja akasema kwa sahani ya marakuja yeye angeshuka hata kesho. Tukacheka mpaka ndoo ya maji ikapinduka.

Hapo ndipo ninapojichukia.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu alikwenda kuchuma matembele shambani, hakurudi. Kikapu chake kilikutwa kando ya barabara. Mtu mmoja wa dhahabu, mwenye mashimo yake ya kuchimba kule Lulimba, alikuwa amempakia kwenye pikipiki, katikati yake na dereva. Mwanaume ambaye mdogo wangu alishamkatalia mara mbili mbele ya macho yangu!

Siku ya nne alikuja kwetu na wazee wake, mbuzi wawili na kreti za bia. Mdogo wangu alikuwa kati yao, amefungwa kitenge kipya kama mzigo. Rafiki wa yule mwanaume alikuwa na simu inayopiga wimbo ule ule. Eti ndio anaoupenda bibi arusi.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo ndugu zake ndio walioketi. Mbuzi mmoja alichinjwa kabla ya maneno. Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu kama alipigwa, wala kama alilia. Baba mkubwa alifuta mafuta mdomoni, akauliza kitu kimoja.

"Mutoto, kule ulikula?"

Kwetu msichana akishakula chungu cha mwanaume, wazee wanasema ameolewa. Ndiyo maana bibi arusi wa kweli hagusi chakula cha ukweni mpaka abembelezwe kwa zawadi.

"Nilikula bugali," mdogo wangu akasema, akitazama chini. "Siku ya tatu. Njaa iliniuma."

"Basi. Alikula."

"Na sombe akaongeza!" akadakia mzee mmoja wa upande wa pili, akimaanisha kisamvu. Wakacheka, midomo inang'aa mafuta.

Mama alikuwa mlangoni na mtoto wangu, maana bamama hawaulizwi. Akasema tu, "Na masomo?"

Baba mkubwa akafikiri, akajiona hakimu. "Tugawe. Miezi ya masomo, mutoto iko kwenu. Vakanse, masomo yakifungwa, iko kwa bwana yake Lulimba. Hakuna mwenye anapoteza."

Nilisimama. "Ongeza sauti ya ile simu. Nitatafsiri."

"We mwana, keti!" baba mkubwa akasema. "Hapa si kanisa."

"Mi njo mwenye nilimudanganya na huu wimbo. Mi njo nitasema kweli."

Nikafanya kama kanisani, mstari wake, mstari wangu. "Anaimba: mfalme alikuja na upweke. Maana yake: hakumuuliza. Anaimba: akamuvika taji. Maana yake: akamufungia. Anaimba: tunda lilikuwa tamu. Maana yake: njaa ilimuuma. Kisha bakubwa bakakaa, bakagawa binti nusu kwa nusu. Njo vile munafanya hapa."

Simu ikazimwa. Mtu wa dhahabu akasema nina wivu kwa sababu baba wa mtoto wangu alinikimbia. Kweli alinikimbia. Sasa?

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Na mama ya ule mutoto? Alifanya nini?"

"Alikubali, mama. Nusu."

Mama alinitazama kama nimemwonyesha kitu kilichooza. Akanikabidhi mtoto wangu, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akamshika mdogo wangu mkono.

"Mi sikubali. Hata siku moja." Kisha akamgeukia baba mkubwa. "Shemeji, ile mbuzi ni weye ulikula. Basi uende weye Lulimba, ukaolewe."

Mama akaingia na mtoto wake ndani, akafunga mlango. Wageni wakamfungua mbuzi wa pili kwenye mpapai wetu, wakaondoka naye. Baba mkubwa hatusalimii mpaka leo, na mdogo wangu yuko mwaka wa sita.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wasichana wa kwaya uani, waje na simu yenye ule wimbo, niutafsiri upya. Mdogo wangu ndiye aliyetangulia kuketi.