Bi Mizani na Unga Namba Thelathini na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe la maabara anapima kichupa kimoja kwa mara ya nne. Ndani yake mna unga wa njano usiojaa hata kijiko cha chai. Anasoma namba, anaiandika, anatabasamu. Uzito haujapungua tena.

"Sasa umekauka," anasema. "Jana ulikuwa unanidanganya."

Kwa kupimapima huku wenzake humwita Bi Mizani, na mwanzoni lilikuwa jina la kumkejeli. Ana miaka arobaini na tisa. Aliingia hapa kuosha vyombo, chupa sitini kwa siku, akiuliza maswali mpaka wakubwa wakaona heri wamfundishe. Leo ndiye fundi anayetengeneza kemikali zinazofanana na vitamini K, kila moja ikiwa imebadilishwa kidogo, kutafuta itakayozuia seli za saratani kukua.

Mwaka jana unga namba kumi na tisa uliua karibu seli zote za saratani. Maabara nzima ilishangilia. Lakini siku ulipotoka, mkuu wa maabara alikuwa akiusubiri mlangoni, na Bi Mizani aliupima mara moja tu. Aliporudia kupima uliobaki, ulikuwa umepungua uzito. Kiyeyusho, yaani kile kimiminika kikali cha kuyeyushia kemikali, kilikuwa hakijakauka, na ndicho kilichoua seli. Haraka haraka haina baraka.

"Nilikwenda kusema mwenyewe," anakumbuka. "Mume wangu akaniuliza, 'Mama watoto, ungenyamaza nani angejua?' Nikamwambia, mgonjwa angejua."

Tangu hapo, kwa miezi kumi na minne, hakuna kichupa chake kilichotoka bila sahihi ya mkuu kando ya yake. Jambo hilo lilimuuma, wala hafichi.

Unga wa asubuhi hii ni mzigo wa pili wa namba thelathini na saba; wa kwanza ulipelekwa kujaribiwa kwenye seli wiki iliyopita. Saa tano, mtaalamu wa seli anaingia na karatasi.

"Dada, seli za saratani zimebaki nusu. Zile zenye afya hazijaguswa!"

"Na zile zilizotiwa kiyeyusho peke yake, kiasi kile tu kinachoweza kubaki kwenye unga?"

"Zote ziko hai."

Bi Mizani anakaa chini. Kisha anacheka mpaka miwani inaingia ukungu.

Mkuu anakuja kumpa mkono. "Kuanzia leo, weka sahihi peke yako."

"Hapana, mzee. Acha ziwe mbili."

Anajua safari bado ni ndefu. Sahani ya maabara si mwili wa mtu. Kabla mwaka haujaisha anataka kutengeneza gramu ishirini, za kujaribiwa kwa panya. Ana hakika ataweza.

"Nimewachelewesha watu, na nitawachelewesha tena," anasema. "Siku mgonjwa atakapoimeza dawa hii, sitaki nikae nyumbani nikijiuliza kama ilikauka."