Jiwe la Waisiko

Nyimbo za litungu zilizopigwa pande za Nyambureti miaka ile zilikuwa za Waisiko, ingawa waliozijua hivyo walikuwa wawili tu: yeye na mumewe Werema. Watu wengine wote walisema ni za Werema. Litungu lilikuwa lake, ala ya nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe, na kwa desturi mwanamke hakuligusa hata kulipangusa vumbi. Na kila wimbo ukifika mwisho, mpigaji hujitaja ili watu wajue nani kautunga. Werema alikuwa akiinua kidevu na kusema, "Mimi Werema wa Kisyeri!" Watu wanapiga kelele, na Waisiko kule nyuma anasonya, anageuza ugali.

Yeye alitunga akiwa anasaga. Alipiga magoti mbele ya jiwe lake, akamwaga punje za wimbi, akaanza kusukuma. Jiwe likienda lilikuwa na sauti nzito, likirudi lilikuwa jepesi, na hapo katikati wimbo ulijitokeza wenyewe, akauimba kwa pua. Werema alikaa mlangoni na litungu, akiudaka kwa vidole, na mkewe akimsahihisha.

"Sivyo, baba Gati. Hapo unakimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ngoja jiwe lirudi."

"Nimengoja."

"Hujangoja. Rudia."

Ikaja ile Operesheni ya vijiji, serikali ikiwahamishia watu kwenye vijiji vipya. Lori lilifika kule kwao kilimani, upande wa Ringwani, likapakia watu, kuku na magodoro. Waisiko alipotaka kupandisha jiwe, mwenyekiti Nikodemo alimzuia. "Mama, acha hilo. Kijiji kipya kina mashine ya kusaga." Kweli mashine ilikuwepo, na wanawake walifurahi, hata yeye magoti yake yalifurahi. Lakini mwaka mzima ukapita bila wimbo hata mmoja. Alijaribu kutunga akichota maji, akajaribu akipalilia pamba ya kijiji. Hakuna kitu. Alijaribu kusimama karibu na mashine yenyewe, akarudi nyumbani kichwa kinauma.

Basi siku moja akaja Bwana Selestine, kijana wa idara ya utamaduni, na begi la makaratasi. Aliwaambia watu kwamba nchi sasa inataka watunzi wake. Inataka muziki mpya wa ala zetu wenyewe, wa litungu, wa zeze, ila si wa harusi wala wa jando. Wa kukaa na kusikiliza kimya, kama watu wako kanisani. Na usiwe na maneno, asisifiwe mtu wala ng'ombe. Atapita kila kijiji kuandika majina ya watunzi, na atakayependeza zaidi atapelekwa Musoma.

"Litungu bila kusifu mtu?" Werema aliuliza. "Sasa nani atafurahi?"

"Taifa, mzee."

"Taifa halijawahi kuniletea hata kibuyu cha togwa." Watu wakacheka. Lakini Werema hakutaka kushindwa mbele yao, akasema, "Wiki tatu. Wimbo utakuwepo."

Jioni Waisiko alimsubiri amalize kula. "Umeahidi wimbo. Unatoka wapi?"

"Kwako, mama Gati. Unatoka wapi siku zote?"

"Jiwe langu liko mahameni, kule kilimani. Liletwe. Na safari hii jina litakalotajwa mwishoni litakuwa langu. La sivyo, saga mwenyewe."

Werema alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Mwanamume kubeba jiwe la kusagia! Hata watoto wangemtungia yeye wimbo. Akajifunika blanketi. Waisiko naye akaenda kuosha vyombo. Alikuwa mtu wa kusema neno mara moja.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne, saa tisa za mchana, watu wakiwa wamejaa foleni mashineni, Werema alionekana anakuja kutoka upande wa Ringwani. Jiwe kubwa lilikuwa begani juu ya koti lililokunjwa, jiwe dogo mkononi, jasho linamtiririka hadi kwenye viatu vyake vya matairi. Nyumba za kijiji kipya zilijengwa kwa mstari, hapakuwa na uchochoro wa kujificha. Alipita katikati.

"Werema!" Kezia, jirani yao, alimwita kutoka kwenye foleni. "Umeolewa lini?"

"Leo!" Werema alijibu, akaendelea kutembea.

Nikodemo alikuja mpaka mlangoni kwao. "Ndugu, huku ni kurudi nyuma. Tumeleta mashine mnarudia mawe?"

"Ndugu mwenyekiti," alisema Waisiko akiwa tayari amepiga magoti, "unga wako upeleke mashineni. Mimi hapa sisagi unga." Akamwaga wimbi, akasukuma.

Siku kumi na mbili walifanya kazi, mke ndani, mume mlangoni, wakigombana kama vijana. Ulitoka wimbo ambao haujapata kusikika. Ulianza kama jiwe kavu, halafu wimbi linapasuka, halafu unga unaanza kulainika mpaka jiwe halina sauti tena isipokuwa pumzi.

Siku ikafika. Bwana Selestine aliwakalisha watu kwenye mabenchi ya shule, akaomba kimya. Kimya kipi! Werema alipogusa nyuzi tu, wanawake walilitambua jiwe. Wakaguna, mabega yakaanza kwenda na kurudi, Kezia akapiga kigelegele. Bwana Selestine alisema "shii, shii" mpaka akachoka.

Nyuzi zikafika kwenye pumzi, zikanyamaza. Werema akainua kidevu kama kawaida yake. Waisiko, kwenye benchi la nyuma, alishika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Mimi Werema wa Kisyeri," alisema, akaelekeza kidole benchi la nyuma. "Mimi nilibeba jiwe. Aliyesaga ni yule pale nyuma, Waisiko."

"Mzee, tulisema bila maneno," Bwana Selestine alilalamika.

"Maneno yameisha, mwanangu. Andika mtunzi."

Musoma hawakupelekwa, sharti lilikuwa sharti, akaenda mtu wa zeze wa kijiji kingine. Lakini karatasi ya majina ilikuwa mezani, na kijana aliishika kalamu ili aandike.

"Lete hapa," alisema Waisiko. Alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima mwaka ule ule, na hakwenda bure. Akaja mbele, akainama, akashika kalamu kama anavyoshika jiwe dogo, akaanza kuchora herufi ya kwanza ya jina lake. Alichukua muda mrefu sana. Na mabenchi yote yale, watu wazima na watoto, hakuna aliyekohoa mpaka alipomaliza.