Kiti cha Kando ya Jeneza

Mtaa wa Ziwani haumsalimii Kanali Seth Otiende. Hupita asubuhi viatu vikimeta kama bado yumo kazini, na akina mama wanaofua mferejini humgeuzia mgongo. Ni mtoto wa fundi wa reli, mzaliwa wa papa hapa, aliyejiunga na jeshi la anga na kupanda cheo baada ya cheo hadi akawa kamanda wa ndege za mizigo katika vita vya ng'ambo ya mpaka. Enzi hizo mtaa mzima ulijigamba naye. Leo ukimtaja, watu wanafyonya.

Mkosi ulianzia kwenye kiwanja cha vumbi kilichokuwa kikipigwa mizinga. Ndege ya mwisho ilijaa maiti na majeruhi, jua lilikuwa kali, njia ya kurukia fupi, na rubani akasema redioni kwamba haitanyanyuka. Otiende akaamuru: shusheni maiti, bebeni walio hai. Majeruhi wote walipona. Maiti hazikuonekana tena, na mojawapo ilikuwa ya Odongo, mtoto wa pekee wa Truphena, jirani yake wa mlango wa pili.

Truphena alizika tunda la yago. Ndivyo Wajaluo wafanyavyo mwili ukipotea: tunda hilo refu hulazwa jenezani, likaliliwa kwa jina la marehemu. Tangu hapo hakumsemesha Otiende, ingawa aliendelea kuimba kwaya na mkewe, Carolyne.

Kisha Carolyne akaugua. Kabla ya kukata roho alimwambia mumewe, "Mama Odongo akae kando yangu mpaka nyumbani. Nisisafiri bila yeye." Basi yule aliyezoea kuamuru akaenda kubisha mlango wa pili, kuomba.

"Nenda ukaombe jeshi lako," Truphena akajibu, wala hakufungua.

Ukweli usemwe: mama alikuwa na haki ya kuchukia, na kamanda alikuwa na haki ya kutoa ile amri. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja.

Siku ya safari ya kumpeleka Carolyne kuzikwa nyumbani Siaya, basi lilijaa mapema. Carolyne alipendwa, hata kama mumewe alinuka. Jeneza liliwekwa katikati, Otiende akaketi kando yake. Injini ilikuwa inanguruma Truphena alipotokea, leso begani, mkoba mkononi.

"Mama, imejaa," dereva akasema. "Siwezi beba mtu amesimama mpaka Siaya. Mmoja ashuke ndio uingie."

Hakuna aliyejitingisha. Truphena akapanda ngazi.

"Si kamanda yuko? Mwambieni ashushe maiti. Si hiyo ndiyo kazi anajua?"

Mtu akacheka huko nyuma, kicheko kibaya. Otiende alitaka kuwaambia juu ya wale majeruhi, wanaobeba watoto wao leo. Mume kuuacha mwili wa mkewe usafiri bila yeye ni aibu ambayo hata wajukuu watasutwa nayo. Alilijua hilo. Akagusa kifuniko cha jeneza, akainuka.

"Kaa, Mama Odongo. Alikuita wewe."

Akashuka. Truphena akaketi, akaweka mkono juu ya jeneza, akalia kwa sauti.

"Tungoje mzee atafutiwe stuli?" dereva akauliza.

"Enda, dere," Truphena akasema bila kugeuka. "Wacha ajue kuachwa kukoje."

Basi likaondoka.